Kuuza gari ya mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bei na mapatano

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila wakitaka kuuza gari waliyokuwa wanatumia wenyewe. Mifano ni ya Dar na mara nyingi nimetumia Toyota IST kwa sababu karibu kila mtu anaijua. Bei zilizotajwa ni za kupigia hesabu tu, usizichukue kama bei za soko la leo.

## Kabla hujatangaza

Nitajuaje gari yangu inauzika kwa bei gani?

Bei uliyonunulia weka pembeni, mnunuzi haimhusu, na hela uliyotia kwa fundi miaka yote hiyo nayo haimhusu. Anza na magari yanayofanana na yako yaliyo sokoni sasa hivi: modeli ile ile, cc, mwaka wa kutengenezwa na namba. IST ya cc 1290 na ya cc 1490 haziuzwi sawa hata zikiwa rangi moja na zimepaki sehemu moja. Na kumbuka bei ya kwenye tangazo ni matumaini ya mwenye gari, kwahiyo tafuta watu waliouza kweli karibuni uwaulize walipokea ngapi mkononi. Pita pia yadi moja au mbili uulize wao wangeichukua kwa ngapi. Watakutajia bei inayouma kwa sababu na wao wanatafuta faida, lakini hiyo ndo inakuonyesha chini kabisa ni wapi.

Halafu angalia juu kabisa ni wapi, yaani mtu akiagiza yenye hali kama hiyo kutoka Japani itamgharimu ngapi mpaka iwe na namba. TRA wana kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, unaingiza aina ya gari, mwaka na cc kinakuletea kodi zote, ujumlishe na bei ya kununulia, meli na gharama za bandarini. Mnunuzi mwenye akili anaipiga hiyo hesabu kabla hajakupigia simu, bei yako ikikaribia hapo anaona bora aagize. Ila kuna kitu kinakusaidia: gari iliyozidi miaka kumi tangu itengenezwe inatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu ikiingia nchini, ndo maana IST za zamani bado zinashika bei hapa kwetu, kuleta nyingine ya umri ule ni gharama.

Namba ya gari inapunguza bei kiasi hicho kweli?

Kweli kabisa. Herufi za namba ya usajili zinaenda kwa mpangilio, kwahiyo mtu akiona namba C, D au E anajua papo hapo gari imesajiliwa lini na imekula barabara zetu muda gani. Watu wanaiamini namba kuliko kilomita za kwenye dashibodi kwa sababu kilomita zinarudishwa nyuma. Kama namba yako ni ya zamani na gari umeitunza usibishane kuhusu namba, toa risiti za sevisi, mwambie injini haijafunguliwa kama kweli haijafunguliwa, mwache aiwashe ikiwa baridi asikie mwenyewe.

Niweke bei ngapi kwenye tangazo?

Kuwa na bei tatu, na uziandike kabisa mahali. Ya kutangaza, ya kuridhika nayo, na ile ambayo mtu akienda chini yake unarudi na gari yako nyumbani. Tuseme gari yako soko linasema mil 10.5: tangaza 11.3, ridhika na 10.7, ondoka ikienda chini ya 10.3. Mimi naona nafasi ya laki tano mpaka nane kwa gari ya bei hiyo inatosha. Ukiongeza mil mbili kwa kisingizio kwamba Wabongo wanapenda kupunguziwa, wale wenye hela kamili hawapigi hata simu, wanabaki wanaobahatisha.

Ile bei ya tatu usimwambie mtu yeyote. Fundi wako, shemeji, dalali, jirani anayekusaidia kusambaza picha, wote usiwaambie. Ikishatoka mdomoni mwako kesho unaambiwa na mnunuzi.

Nitengeneze kwanza au niuze ilivyo?

Tengeneza vitu vidogo vinavyoonekana au kusikika katika dakika tano za mwanzo: taa iliyokufa, betri inayosuasua, AC iliyoisha gesi, mlango usiofunguka kwa ndani, bushi zinazogonga kwenye matuta. Hivi ni vya laki moja moja lakini mnunuzi akiviona anavipigia hesabu mara tatu yake. Kama taa ya injini inawaka nenda kapime kwa mashine ujue ni nini, hata kama hutengenezi, maana anayejua ugonjwa wa gari yake anaongea kwa kujiamini.

Rangi usipige upya. Gari yenye mikwaruzo ya kawaida na rangi yake ya Japani inaaminika kuliko inayong'aa wiki moja kabla ya kuuzwa, watu wataanza kugonga bodi wakitafuta pati na kuuliza ilipinduka wapi. Osha, safisha ndani vizuri, toa vitu vyako, inatosha.

Niandike "mazungumzo yapo" au "bei haipungui"?

"Mazungumzo yapo baada ya kuiona gari." Hayo maneno ya mwisho ndo muhimu. "Bei haipungui" inafukuza watu, na ukishusha hata elfu hamsini unaonekana ulikuwa muongo tangu mwanzo.

## Kwenye simu na meseji

Mtu hajaiona gari anauliza "bei ya mwisho ngapi?" Nimjibu nini?

Hili ndo swali litakalokuchosha kuliko yote na ndo linalowapotezea watu hela nyingi. Usitaje. Ukimjibu mil 10.5 kwenye WhatsApp, akija hiyo 10.5 inageuka kuwa bei ya kuanzia, anaanza kushuka kutoka hapo, na kitu cha kumpa huna tena. Umeshapunguza bila kupata chochote, hata uhakika wa kwamba atakuja hujapata.

Jibu kwa heshima tu: "Kaka, bei ni 11.3, karibu uione, ukiridhika nayo tutaongea hapo hapo." Akirudia tena mwambie mil 11.3 na gari ipo Tabata leo mpaka saa kumi na mbili. Anayetaka gari atauliza iko sehemu gani, atauliza kadi ya gari ina jina la nani, ataomba picha za ndani. Anayeng'ang'ania bei ya mwisho na hana swali lingine lolote mara nyingi ni dalali anatafuta pa kuweka cha juu, yaani hela yake anayoongeza juu ya bei yako (angalia sehemu ya madalali), au anakusanya bei tu.

Mapatano ya bei fanya na mtu aliyesimama kwenye gari, ameiona, hela anayo. Nje ya hapo mnapiga stori.

Amenipa ofa ya chini mpaka nimekasirika. Nimblock?

Hapana, usimjibu kwa hasira. "Asante, hapo hatufiki, ukiongeza niambie." Basi. Wengine wanaanza chini sana kwa mazoea tu ya kupatana, mtu huyo huyo wiki ijayo anarudi na bei ya maana. Ila usimtajie bei mpya wewe ili kumvuta. Akitaja mil 8 na wewe ukajibu 10.8, tayari umeshuka laki tano kwa ofa ambayo haina uzito wowote.

Kuna mtu anasema atalipa bei yote leo leo bila kuja kuiona?

Achana naye, hasa akianza habari za kukutumia dereva wake achukue gari au akikuomba picha ya kadi, NIDA na namba ya akaunti. Gari ya mil kumi hainunuliwi kwa picha. Akisema yuko mkoani, atume fundi au ndugu yake aliyeko Dar aikague, wanunuzi wa kweli wa Mwanza na Mbeya ndo wanavyofanya.

## Mkikutana

Tukutane wapi na aijaribu vipi?

Mchana, sehemu yenye watu, sheli kubwa panafaa. Beba kopi ya kadi, orijino iache nyumbani mpaka siku ya malipo. Akitaka kutesti aonyeshe leseni, wewe ukae naye ndani, na funguo usimwachie akikaa peke yake.

Ukiwa umepanga na watu wawili siku moja wape muda unaokaribiana, mmoja saa nne mwingine saa nne na nusu. Ni haki yako, na mtu akimwona mwenzake anasubiri zamu kupatana kunabadilika sana. Ila usitunge mteja hewa. "Kuna mtu anakuja jioni na mil 11" ni maneno ambayo kila mnunuzi ameshayasikia, akikuambia sawa muuzie huyo, utabaki unaangalia chini.

Amekuja na fundi wake, anaiponda gari mbele yangu. Nifanyeje?

Hiyo ndo kazi aliyoletewa yule fundi, usimchukie. Mwache amalize kabisa, azunguke, aingie chini, afungue boneti, asikilize gia boksi. Usimkatishe kutetea kila kitu. Akimaliza muulize mnunuzi swali moja: "Kwa hiyo vitu vinavyokusumbua ni vipi?" Hapo vile kumi vya fundi vinabaki viwili au vitatu.

Sasa hivyo viongeleeni kwa bei yake halisi. Shokapu za mbele zinatoa mafuta? Sawa, shokapu za IST mnajua wote zinauzwa ngapi pale Kariakoo na fundi anachukua ngapi, hiyo ndo inatoka kwenye bei, haitoki mil moja. Matairi mawili yamebaki vipara? Piga hesabu ya mawili.

Na hapa ndo faida ya kusema kasoro mapema inapoonekana. Ukishamwambia kwenye simu kwamba shokapu zinavuja na bampa la nyuma liliguswa, bei uliyotangaza tayari ina kasoro hizo ndani yake, fundi akizitaja unasema "ndiyo kaka, nilikuambia juzi na bei niliweka kwa kuzingatia hilo." Kasoro uliyoificha ikigunduliwa na fundi inakula zaidi ya bei yake, maana mnunuzi anaanza kujiuliza umeficha na nini kingine, na woga huo ataukata kwenye hela yako.

Nani aanze kutaja bei mkiwa mmekaa?

Wewe umeshataja kwenye tangazo, zamu yako imepita. Akiuliza "haya, sasa utaniachia ngapi?" mrudishie: "Wewe umeiona, umeisikiliza, una ngapi?" Halafu nyamaza, hata kama ukimya unakera. Wauzaji wengi wanapoteza laki mbili tatu kwa kushindwa kukaa kimya sekunde chache, wanaanza kujibizana na nafsi zao, "basi toa mil 11... au 10.8 tumalize."

Nishuke kwa kiasi gani kila mara?

Hatua ya kwanza iwe kubwa kidogo, zinazofuata ziwe ndogo kuliko iliyotangulia. Umetangaza 11.3, ametoa 9.8. Nenda 10.9. Akija 10.2, nenda 10.75. Akija 10.5, nenda 10.7 na usimame. Mtu anaona mwenyewe maji yanakauka. Ukishuka laki tatu, laki tatu, laki tatu, ataendelea kusukuma kwa sababu hujamwonyesha mwisho uko wapi.

Na kila unaposhuka omba kitu. "Nikikufanyia 10.7 tunaenda benki leo?" "Nikishusha hiyo laki, gharama za TRA zote zako?" Kushuka bure kunamfundisha mwenzako kwamba kuomba kunalipa. Kama hela hutaki kushusha tena, toa kitu kingine: ringi za ziada ulizonazo nyumbani, redio, tanki la mafuta. Vitu vya namna hii vinamaliza mapatano yaliyokwama kwenye elfu hamsini, mtu anataka tu aondoke akijua ameongezewa kitu.

Anasema "kaka hela niliyonayo ni hii tu, sina nyingine".

Inawezekana kweli, inawezekana ni mbinu, na wewe huna namna ya kujua. Angalia tu hiyo hela iko juu au chini ya ile bei yako ya tatu. Ikiwa juu na siku zimeenda, chukua. Ikiwa chini, mwambie "nakuelewa ndugu yangu, ukijazia nipigie, nikiwa bado nayo ni yako," agana naye vizuri, washa gari uondoke kweli. Wengi wanapiga kabla hujafika nyumbani.

Kuna msimu mzuri wa kuuza?

Desemba kuelekea sikukuu watu wanatafuta magari ya kwenda nayo kwao, Moshi na kwingineko, bei inakaa vizuri. Januari ada za shule zimewabana wote, wauzaji wengi na wanunuzi wachache. Kama unaweza kusubiri, usiuze Januari.

## Madalali na yadi

Nimpe dalali au niuze mwenyewe?

Dalali mzuri ana wateja na anajua kuongea, kama huna muda wa kupokea simu atakusaidia. Tatizo ni cha juu. Wewe umesema mil 10.5, yeye anatangaza 12, wateja wanakimbia, gari inakaa miezi miwili halafu anakuja kukuambia soko gumu ushushe. Kwahiyo kubalianeni mapema na kwa maandishi, hata meseji inatosha: bei ya kutangaza ni hii, komisheni ni kiasi hiki kamili, mteja nakutana naye mwenyewe na hela inaingia kwangu. Akikataa usikutane na mteja, tafuta mwingine.

Usiwape madalali watano kwa mpigo. Gari moja ikionekana mtandaoni kwa bei tano tofauti mnunuzi anachukua ya chini kabisa na anajua una haraka.

Yadi je?

Kuiacha yadi wakuuzie ni sawa kama mkataba unasema nani analipia ikikwaruzwa na nani anaruhusiwa kuiendesha. Kuwauzia wao moja kwa moja ni haraka ila bei inaumiza, angalia swali la haraka huko chini.

## Malipo na makaratasi

Anataka kuacha kishika uchumba nimshikie gari. Nikubali?

Kubali kama ni kiasi cha kumuuma, elfu hamsini haimzuii mtu kubadili mawazo. Andikeni bei mliyokubaliana, kiasi alichotoa, siku ya kumalizia, na inakuwaje asiporudi. Bila tarehe utashikilia gari mwezi mzima.

Gharama za kubadilisha umiliki analipa nani?

Mazoea ni mnunuzi, lakini semeni wazi kabla ya kushikana mikono maana bei ikishakubaliwa ndo watu wanaanza kukumbuka. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, ada za TRA za kuhamisha na kadi mpya, na wakili wa kugonga muhuri mkataba wa mauziano. Kwa gari ya mil 10.7 stempu peke yake ni 107,000, kwahiyo "bei hiyo ila TRA utalipa wewe" ni punguzo la kweli, lihesabu. Nyote muwe na TIN.

Hakikisha umiliki unahama kweli. Gari ikibaki jina lako, faini za trafiki na madeni ya maegesho yanakuja kwako.

Madeni ya trafiki na ya parking yanaharibu bei?

Yanaharibu yakigunduliwa na mnunuzi. Deni la trafiki na lile la parking yanaangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari tu, na yeye ataangalia. Lipa kabla, uwe na risiti.

Nipokeeje hela salama?

Ndani ya benki. Aweke au ahamishe kwenye akaunti yako mbele yako, wewe uthibitishe kwenye salio lako, meseji peke yake usiiamini kwa sababu zinatengenezwa. Hundi usipokee. Kadi orijino na funguo ya pili vinatoka hela ikishaingia, hata kama mmeshakuwa marafiki.

## Kesi zenye utata

Anataka kulipa nusu, nusu baadaye.

Mali kauli kwenye gari mimi siishauri. Ukilazimika, bei iwe ile ya kutangaza bila punguzo, mkataba upite kwa wakili, na kadi ibaki kwako na kwa jina lako mpaka shilingi ya mwisho. Punguzo ni la mwenye hela kamili, mtu asichukue punguzo na muda vyote viwili.

Anataka tubadilishane, anipe gari yake aniongezee hela.

Hapo kuna mapatano mawili, yatenganishe. Kwanza kubalianeni gari yako ni ngapi kama angelipa taslimu, halafu ya kwake ni ngapi kama ungeinunua taslimu, tofauti ndo anayoongeza. Ukianza na "utaniongezea ngapi?" hutajua umepigwa upande gani. Na ya kwake ikague na fundi wako kama ungekuwa unainunua, maana unainunua.

Kadi bado ina jina la niliyemnunua, au la marehemu.

La uliyemnunua: mtafute kwanza kabla ya kutangaza, mmalize uhamisho au awepo kusaini. Ukiuza hivyo hivyo mnunuzi atakata bei na ana haki. La marehemu: lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndiye anayesaini. Kaka mkubwa kukubali kwa mdomo hakutoshi, hata familia nzima ikiwa imeafiki.

Kadi imewekwa bondi, mkopo haujaisha.

Mwambie mnunuzi mapema. Namna inayofanya kazi ni kwenda wote kwa mkopeshaji, deni lililobaki likalipwa kutoka kwenye bei, kadi ikatoka hapo hapo, salio likaingia kwako. Omba barua ya kiasi kilichobaki kabla hujapanga bei zako tatu.

Nina shida, nataka hela ndani ya siku tatu.

Usiandike "nauza kwa shida" popote, hayo maneno ni laki kadhaa unazitupa. Weka bei karibu kabisa na ile ya kuridhika tangu mwanzo ili simu ziwe nyingi, panga watu siku moja kama nilivyosema juu, na pata bei ya yadi mbili tatu ziwe akiba yako. Ukiulizwa kwanini unauza toa sababu ya kweli ambayo haitaji tarehe: "nahitaji hela kwa kitu kingine" inatosha.

Binamu yangu anaitaka, anataka bei ya undugu.

Amua zawadi yako ni kiasi gani kabla hamjakaa, kisha itaje mara moja: "Watu wa nje nawauzia 10.7, wewe nakupa 10.2, sina nyingine." Usipatane naye hatua kwa hatua kama mgeni, mtaumizana. Kasoro zote mwambie, zaidi hata ya unavyomwambia mgeni, kwa sababu gia boksi ikigoma mwezi wa pili utaisikia kwenye kila kikao cha ukoo. Mkataba andikeni na umiliki uhamishwe kama kawaida. Akisema "si tunaaminiana", mjibu kwamba karatasi ni ya TRA.